Kuhamisha batani za laptopu kwenda Colemak: maelezo ya mhazili wa Kigoma

Batani ya laptopu haijui herufi iliyochorwa juu yake. Ing'oe A uipachike penye S, nayo S uipachike penye A, kisha bonyeza: kompyuta itaendelea kuandika vilevile, kwa sababu kinachoingia ndani ni namba ya mahali ulipobonyeza, na programu ndiyo inayoamua mahali hapo paitwe herufi gani. Maandishi ya juu ni ya macho yako tu. Naanza na hili kwa sababu wapo wanaoniletea laptopu nusu ya batani zikiwa ndani ya bahasha, wanasema "mama, nimebadilisha kibodi lakini haijabadilika." Haiwezi kubadilika hivyo. Kazi ya kuhamia Colemak, ambao ni mpangilio mwingine wa herufi za kibodi, huanza kwenye programu, ikaingia kwenye vidole, na batani huja mwisho. Wengine hawafiki huko kwenye batani, na hawapungukiwi na kitu.

Mimi ni mhazili. Nilisoma Chuo cha Uhazili Tabora enzi za taipureta, hatimkato asubuhi, kupiga chapa mchana, na karatasi imefunika vidole usivione. Sasa nina stationery yangu Mwanga, hapa Kigoma mjini. Kazi zenyewe mnazijua: hati za mauziano ya viwanja, barua za maombi ya kazi, risala za sendofu, katiba za vikundi vya akina mama wauza dagaa wa Kibirizi, ripoti za wanachuo zinazoletwa saa kumi na moja jioni zikitakiwa kesho asubuhi. Maneno mengi, kutwa nzima, karibu yote ya Kiswahili. Kwa hiyo herufi ipi iko chini ya kidole kipi, kwangu ni suala la kazi.

Kwa nini Colemak na si Dvorak

QWERTY, ule mpangilio wa kawaida wa herufi uliozoeleka kwenye kibodi, ilitokana na mashine ya Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee, Marekani, ambayo Remington walianza kuiuza mwaka 1874. Mwaka 1936 August Dvorak, mwalimu wa chuo kikuu kule Seattle, na shemeji yake William Dealey walipata hataza ya mpangilio wao. Colemak ni ya juzi tu, 2006, kazi ya Shai Coleman. Meza zote tatu hizo hazikuwa na Mswahili. Walipima Kiingereza, na sisi tunapima wenyewe.

Kipimo changu ni rahisi: vidole vikiwa vimetulia kwenye mstari wa kati, ni maneno gani yetu yanaandikika bila kuvihamisha? QWERTY inakupa dagaa, kaka, dada, lala, haja, shaka. Si haba, na Mtu wa Kigoma akipewa dagaa hana la kulalamika. Lakini chukua neno risiti, ambalo mimi naliandika kila saa: kwenye QWERTY herufi tano kati ya sita ziko mstari wa juu. Mstari wa kati wa Colemak ni A R S T D H N E I O. Humo zinatoka risiti, tarehe, asante, ndio, hadithi, nahodha, hatari, shida, tahadhari. Irabu nne kati ya tano zimekaa pale pale.

Dvorak ukiitazama kwa mara ya kwanza utadhani ilichongwa kwa ajili yetu, maana irabu zote tano ziko mkono wa kushoto mstari wa kati, na konsonanti nyingi ziko kulia, na silabi zetu ni konsonanti na irabu, konsonanti na irabu. Tatizo ni K. Kwenye Dvorak K iko penye V, inapigwa na kidole cha shahada cha kushoto. U iko penye F, I iko penye G, na zote mbili zinapigwa na kidole hicho hicho. Andika kuku: kidole kimoja, mara nne. Andika kikuku: mara sita. Sasa hesabu mwenyewe ki- na ku- ziko ngapi kwenye ukurasa mmoja wa Kiswahili, uone kidole hicho kitafika jioni kikiwaje. Tena Dvorak inahamisha ritifaa kwenda penye Q, na sisi wa ng'ombe na ng'ambo tunaitumia ritifaa kuliko Mwingereza anavyodhani. Inahamisha pia X, C na V, kwa hiyo kukopi na kupesti kwa mkono mmoja kunakufa.

Colemak inabadilisha batani 17 tu. A, Z, X, C, V, B, H, M, Q na W hazihami, ritifaa haihami. Hasara ipo na nitaitaja: K imeshuka mstari wa chini, penye N, jirani na M, na zote mbili zinapigwa na kidole cha shahada cha kulia. Kwa hiyo mkono, mkeka na mkuki vinakwama kidogo mwanzoni mwa neno. Nayo A imebaki kwenye kidole kidogo cha kushoto, kama ilivyo kwenye QWERTY na Dvorak, ilhali kwetu A ndiyo inayofanya kazi kuliko herufi zote. Nimezipima hasara hizo na bado nimechagua Colemak. Kuhusu kasi, watu wamebishana miaka mingi na mimi siingii. Ninachokipata ni kwamba jioni mikono imetembea kidogo. Na kama kifundo cha mkono kinakuuma, anza na urefu wa kiti na meza, na ukamwone daktari. Mpangilio wa herufi si dawa.

Programu kwanza

Kwenye Windows fungua setingi, ingia sehemu ya saa na lugha, chagua lugha unayotumia, kisha ongeza kibodi. Dvorak utaikuta humo. Colemak kwenye Windows 10 haimo, unaipakua bure kwenye tovuti ya Colemak yenyewe, unaiingiza, unazima na kuwasha, ndipo inajitokeza kwenye orodha. Usiifute QWERTY. Ziache zote mbili, na utakuwa unabadilisha kwa kubonyeza batani ya Windows pamoja na ile ndefu ya nafasi. Mac inazo zote mbili tayari kwenye setingi za kibodi. Linux nayo inazo. Ukipenda njia ya mkato, ambayo haikubali kwenye Linux zote, fungua terminali (dirisha la kuandikia amri) uandike setxkbmap us -variant colemak, na kurudi nyuma ni setxkbmap us. (Andika hiyo ya kurudi kwenye karatasi kabla hujabonyeza Enter, maana baada ya hapo utakuwa unaitafuta herufi moja moja.)

Kisha chapisha ramani hii kwenye A4, maandishi makubwa, uibandike ukutani nyuma ya skrini:

Q W F P G J L U Y ;
A R S T D H N E I O
Z X C V B K M , . /

Ibandike ukutani, si kwenye kibodi. Hapa ndipo mwalimu wangu wa Tabora angesimama na rula yake. Ukihamisha batani siku ya kwanza, macho yatashuka chini kutafuta, na mtu anayetazama chini hajifunzi, anatafuta tu, leo na mwakani. Batani zikibaki za QWERTY wakati kompyuta inaandika Colemak, kutazama chini kunakudanganya, na ukidanganywa vya kutosha unaacha.

Mazoezi yaliyo kwenye mtandao ni ya Kiingereza, yatakufundisha the na and. Jitengenezee ya kwako. Anza na maneno ya mstari wa kati niliyoyataja, mpaka asante na tarehe zitoke bila kufikiri. Kisha ongeza U, L, P na Y: nauli, pauni, yatosha, hospitali. Mwisho K, M, W na B, ambazo ndizo zinazotufanya Waswahili: kwamba, wakamkumbuka, mwambao, Kibirizi, Kigoma. Nakushauri pia uandike majina ya wateja wako na mitaa yenu, Katubuka, Gungu, Bangwe, Buzebazeba, kwa sababu hayo ndiyo utakayoyaandika kweli. Buzebazeba ina mazoezi ya Z ya mwaka mzima.

Kasi itaanguka vibaya. Usianze msimu wa maombi ya mikopo ya vyuo, wala mwezi wa fomu za shule, kama stationery ndiyo inayokulisha. Mimi mchana nilibaki QWERTY, jioni baada ya kufunga duka nikawa Colemak, hadi jioni ikaishinda mchana. Ukiweza kuandika barua ya ukurasa mzima bila kuinua macho kwenye ramani, ndipo uchukue batani.

Kabla hujafika huko, shughulikia nywila. Ukiwasha kompyuta, ile sehemu ya kuingilia inaweza kuwa bado iko kwenye QWERTY, na nywila ya BIOS (programu ya kuamshia kompyuta) au ya kufungulia diski iliyofungwa kwa nywila mara nyingi iko kwenye QWERTY daima, maana Windows haijaamka. Mtu anaandika nywila sahihi, inakataliwa, anahangaika usiku kucha. Dawa yake ni kutunga nywila kwa tarakimu na herufi zisizohama tu: A, Z, X, C, V, B, H, M, Q, W. Hizo ziko mahali pamoja kwenye mipangilio yote miwili, kwa hiyo hata kompyuta ikiamka upande gani, vidole vyako vitaingia.

Laptopu yako inakubali?

Zipo ambazo hazikubali. MacBook za kati ya 2015 na 2019 zenye ule utaratibu unaoitwa kipepeo, usiziguse. Vipande vyake ni vyembamba mno na vikivunjika huku Kigoma huna pa kuvipata. Zile zenye kidude chekundu au cheusi katikati ya kibodi, kama ThinkPad na baadhi ya Dell Latitude na HP EliteBook, zina kasoro nyingine: batani za G, H na B zimekatwa kona ili zikipishe kile kidude. Bahati njema Colemak haihamishi H wala B. Inahamisha G, na nitaeleza la kufanya. (Kwa Dvorak zote tatu zinatakiwa kuondoka. Hiyo ni sababu nyingine.)

Za kawaida, jaribu kwanza kwa batani moja. Sisi tuna bahati ya kuwa na herufi mbili za kujaribia bila hofu, Q na X, ambazo Kiswahili hakizihitaji. Ing'oe X, tazama chini yake kwa tochi ya simu. Kisha ing'oe moja ya mstari wa kati na moja ya mstari wa juu, uzilinganishe migongo. Kama ndoano zimekaa upande mmoja na kwa nafasi ile ile, batani zinabadilishana mistari. Kama zimegeuka, usilazimishe. Rudisha, nenda kwenye stika.

Kung'oa

Zima kabisa, si kulaza. Chomoa chaja. Piga picha ya kibodi nzima kwa simu, picha inayosomeka. Zima feni! Vipande vilivyo chini ya batani ni vyepesi, na feni ya dari imeshanitafutia kazi ya kutambaa sakafuni. Fanyia kazi ndani ya sinia lenye ukingo, juu yake kitambaa cheupe.

Bisibisi iache. Ninachotumia ni kile kikadi cha plastiki kinachobaki ukishatoa laini ya simu. Ni kigumu cha kutosha kuinua na laini cha kutosha kutokuvunja, na dukani kwangu vimejaa. Kiingize chini ya kona ya juu ya batani, inua kidogo, sikiliza. Kuna kamlio kadogo, tik. Hamia kona ya pili ya upande huo huo, tik nyingine. Sasa upande mmoja uko huru, na upande wa pili umeshikwa na ndoano zilizofungwa, ambazo hazitoki kwa kuinuliwa bali kwa kusogezwa. Telezesha batani kuelekea upande wake, itatoka yenyewe. Kama kona za juu zinagoma, laptopu yako ni ya aina inayoanzia chini, jaribu huko. Nguvu ikishazidi ile ya kufungua kifuniko cha kalamu, simama utazame tena kwa tochi.

Chini utakuta fremu mbili za plastiki zilizopishana mfano wa miguu ya kiti cha kukunja, na katikati kikombe kidogo cha mpira. Fremu inatakiwa ibaki kwenye kibodi. Ikitoka na batani, itenganishe na batani polepole, irudishe kwenye vishikizo vyake vya bati, halafu ndipo uendelee. Kile kikombe cha mpira kisivutwe. Kikibanduka, usikitie superglue: inatiririka ndani ya tundu na kuiua batani. Gundi laini kidogo kwenye ukingo wake, kwa ncha ya kijiti cha meno, na subiri ikauke.

Batani ndefu ya nafasi, Enter, Shift na Backspace usiziguse. Chini yake kuna waya wa chuma unaosawazisha, na kuurudisha ni shughuli ya mafundi. Colemak haina haja nazo.

Binti wa mdogo wangu alinikuta siku moja kwenye hatua hii, akasema, "Mama mkubwa, umeing'oa meno!" Ndivyo inavyoonekana ukizing'oa zote kwa pamoja, na huna sababu ya kufanya hivyo. Batani 17 za Colemak zinakwenda kwa mnyororo, kila moja inaiachia nafasi nyingine, kwa hiyo kwenye sinia haziwi zaidi ya mbili.

Mnyororo wa kwanza una batani 14. Toa E, iweke pembeni. Penye E weka F. Penye F weka T. Penye T weka G. Penye G weka D. Penye D weka S. Penye S weka R. Penye R weka P. Penye P weka nukta mkato. Penye nukta mkato weka O. Penye O weka Y. Penye Y weka J. Penye J weka N. Penye N weka K. Nafasi ya K sasa iko wazi, na E yako inasubiri pembeni: iweke hapo. Mnyororo wa pili ni mfupi. Toa U, penye U weka L, penye L weka I, penye I weka U. Umemaliza. Linganisha na ramani ya ukutani.

Kuipachika, iweke ikiwa imelala sawa juu ya fremu, shika upande wa ndoano zilizofungwa uziingize kwanza, kisha bonyeza katikati kwa kidole gumba mpaka isikike pande zote. Bonyeza kona zake nne moja moja. Ikiinama upande mmoja, haijaingia. Na kwa kuwa umeshafungua, pitisha mswaki laini mkavu, kisha pamba yenye spiriti kidogo kwenye bati. Vumbi letu jekundu na makombo ya maandazi yanapenda sana kujificha humo.

Kama una ThinkPad, mnyororo unairuka G. G inabaki mahali pake. Penye T weka D, na juu ya hiyo D bandika stika ya G. Juu ya G yenyewe bandika stika ya D. Mengine yote yanafuata mnyororo ule ule. Stika mbili tu.

Vile vipele vya F na J

Pitisha vidole vya shahada kwenye kibodi yoyote, utakuta F na J zina kipele. Ndivyo mpiga chapa anavyojua yuko nyumbani bila kutazama, hata umeme ukikatika. Baada ya kuhama, F iko penye E na J iko penye Y, kwa hiyo vidole vinatua juu mstari mmoja na unaandika upuuzi kwa kujiamini kabisa. Watu wengi wanaliacha hili, kisha wanasema Colemak ngumu.

Chukua rangi ya kucha isiyo na rangi. Tone moja dogo, kwa kijiti cha meno, kwenye T na jingine kwenye N, karibu na ukingo wa chini. Acha likauke kabisa, ongeza la pili juu yake. Vipele vya zamani visugue kwa msasa laini mpaka visisikike. Ukiwa huna moyo wa kuipiga msasa laptopu mpya, viache. Vidole vitajifunza kwamba kipele cha kweli ni kile cha mstari wa kati, ila itachukua muda zaidi.

Stika, kwa walio wengi

Kusema kweli, wateja wangu wengi nawashauri stika. Zinatoka, haziharibu bei ya kuuzia, na fremu haivunjiki. Mimi nazichapisha mwenyewe kwenye karatasi ya stika ya A4, herufi nyeupe juu ya weusi, kwa printa ya leza. Ya wino inayeyuka kwa jasho la vidole, na Kigoma mwezi wa tisa jasho lipo. Kabla ya kukata, funika karatasi yote kwa selotepu pana inayong'aa. Kata kwa wembe na rula, upana wa milimita 12, maana batani yenyewe ni kama 15, na stika ikifika ukingoni inabanduka. Kona zikate ziwe mviringo kidogo, ndizo zinazoanza kunyanyuka. Futa batani kwa spiriti, ngoja ikauke, bandika. Kwenye kibodi yenye taa stika hizi zinaziba mwanga. Aliyezoea kuandika gizani aagize za plastiki angavu.

Kompyuta ya watu wengi, ya ofisini au ya nyumbani yenye watoto wa shule, iwekee stika zenye herufi mbili, QWERTY kubwa katikati na Colemak ndogo konani. Kuhamisha batani zenyewe kwenye mashine ya wenzako ni ugomvi.

Q na X ni spea

Hili ni kwa hata asiyetaka Colemak. Kwenye mashine za Kiswahili batani ya A hufa mapema, fremu inakatika mguu au kikombe cha mpira kinachoka. Dukani hawauzi batani moja, wanaagiza kibodi nzima kutoka Kariakoo. Kabla ya kulipa, kumbuka una X ambayo huiandiki. Kwa laptopu nyingi fremu za herufi zinafanana: hamisha fremu ya X kwenda penye A, nayo batani ya A uipachike juu yake. X ikibaki uchi bado inafanya kazi, ukibonyeza ule mpira kwa ncha ya kidole siku ukihitaji kuandika Excel.

Kama tatizo si fremu bali mguso wa ndani umekufa, programu ya bure ya Microsoft iitwayo PowerToys inakuruhusu kuipa batani moja kazi ya nyingine. Mwambie Q iwe A, kisha hamishia batani ya A penye Q. Ni jirani wa juu tu, kidole kidogo kinazoea. PowerToys haifanyi kazi kabla hujaingia kwenye Windows, kwa hiyo nywila isiwe na A.

Laptopu za AZERTY

Wageni wetu kutoka Bujumbura, Uvira na Kalemie huleta mashine za AZERTY, mpangilio wa herufi wa Kifaransa, na zilizotumika za Ubelgiji na Ufaransa nazo hufika hapa. Kwa anayetaka QWERTY kazi ni fupi. Ongeza kibodi ya Marekani kwenye programu, kisha badilishana A na Q, Z na W. M iko upande wa kulia wa L. Ihamishie upande wa kulia wa N. Baada ya hapo alama za mkato, nukta na nyinginezo hazitalingana na maandishi, na hizo ni za stika, hakuna kuhamisha kutakakozisawazisha. Tarakimu ambazo AZERTY inazitaka kwa Shift sasa zitatoka bila Shift. Enter yake ni ndefu ya kusimama na kuna batani ya ziada kando ya Shift ya kushoto. Ziache zilivyo, hiyo ya ziada itatoa mshazari unaoegemea kushoto na haimsumbui mtu.

Ukija kuuza laptopu yako ya Colemak, pitia minyororo ile ile kuanzia mwisho kurudi mwanzo: toa E penye K, rudisha K kutoka penye N, rudisha N kutoka penye J, na kuendelea. Kisha ingia kwenye setingi uiondoe Colemak kabisa, maana mnunuzi akibonyeza kwa bahati mbaya batani ya Windows na ya nafasi, atakurudishia mashine kesho yake akisema ina virusi.